Vyumba Viwili vya Mbele

4 Juni, Ujiji

Nilipoteza fremu yangu ya kushonea pale Manzese, Dar, tarehe 30 Aprili, saa sita mchana, na nyumba ya Tabata tarehe 31 Mei, saa nne asubuhi. Naandika na saa ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba mambo yaliondoka polepole.

Kodi ya fremu ilikuwa laki mbili na nusu. Mwenye jengo akaipandisha hadi laki nne na akataka miezi sita mbele. Nyumba ilikuwa laki tatu, ikawa laki nne na nusu, mwaka mzima mkononi. Jumla milioni saba na laki nane. Mimi nilikuwa na milioni tatu na laki moja, na vyerehani vinne. Sikufilisika. Nimeshona sare za shule miaka kumi na tisa, nilianza na cherehani cha kuazima kwenye baraza la mtu, na sijawahi kuchelewesha kodi hata siku moja. Nilipiga hesabu tu, nikaona mji haunitaki tena kwa bei niliyozoea kuulipa.

Mume wangu, Baba Ikram, fundi friji, yuko Mbagala na Ikram, kwenye chumba kimoja kwa dada yake. Ikram yuko darasa la saba, mtihani ni Septemba, hahamishiki. Mimi nimekuja na treni na cherehani kimoja kuangalia kama tunaweza kuishi Kigoma. Hiyo ndiyo kweli.

Niliyomwambia Iddi, mdogo wangu, aliponipokea stesheni ni haya: "Nimekuja kupumzika kidogo. Na kuangalia kama nifungue tawi."

Tawi. Nilisema tawi, na shina lenyewe limeshang'olewa.

5 Juni

Sebuleni kwa Iddi, ukutani juu ya redio, kuna picha yangu. Nimesimama mbele ya geti la bluu la Tabata, mkono juu ya komeo kama mtu aliyelichomelea mwenyewe. Niliituma miaka minne iliyopita. Sikuandika kwamba nyumba ni yangu. Niliandika, "Hapa nyumbani." Iddi akaipeleka ikatiwa kioo. Wakati wa kula nakaa nikiipa mgongo.

6 Juni

Vumbi. Ziwa limefungwa tangu katikati ya Mei, hakuna kuvua mpaka katikati ya Agosti. Iddi ni mnunuzi na mkaushaji wa dagaa pale ufukweni Katonga, kwa hiyo yuko nyumbani, anazunguka uani kama mtu aliyepoteza ufunguo.

8 Juni

Nimelazwa kwenye chumba cha mbele, kimoja kati ya vile viwili vinavyotazama barabara; cha pili kina magunia ya dagaa. Lazima niandike habari ya vyumba hivi, maana ndivyo vilivyonileta, ingawa sijamwambia mtu.

Nyumba hii ya marehemu baba ina vyumba sita. Warithi ni watoto wawili tu, mimi na Iddi. Kwa sheria yetu ya mirathi fungu la mtoto wa kiume ni mara mbili ya la kike: vyumba vinne vya Iddi, viwili vyangu. Hesabu haina hata baki. Sheikh alisema siku ya arobaini ya baba, miaka mitatu iliyopita, mbele ya watu kama sitini, kwamba viwili vya mbele ni vya Kuruthumu, yaani mimi.

Asubuhi ile nilikuwa nimemkuta Shadia, mke wa Iddi, anafagia vyumba hivyo, anasogeza vitu, anapima ukuta kwa macho. Nikaona anahesabu. Ikanichoma. Sheikh aliponigeukia nikasema kwa sauti ambayo hata wanawake waliokuwa uani na masufuria waliisikia: "Vyumba viwili vya Ujiji nitavifanyia nini? Mimi nina nyumba Dar. Nimewaachia. Tena nikija kutembea, nitalala gesti, sitambana mtu."

Watu wakanisifu. Mzee mmoja alisema huyu ndiye mtoto wa kike aliyezaliwa na roho ya kiume. Nilirudi Dar kifua mbele, nikashika komeo la geti la mtu.

Kitu ulichokitoa mbele ya watu hukirudii. Mtoto wa Ujiji wa miaka saba anajua hilo.

9 Juni

Baba Ikram kapiga simu. "Umeshawaambia?" Nikasema bado, ndiyo kwanza nimefika.

13 Juni

Nimepita mitaa ya Mwanga na daftari. Fremu nzuri, mlango wa bati, umeme upo: elfu sitini kwa mwezi. Nilimwuliza mwenyewe mara mbili. Anaitwa Esther, mama wa Kiha mwenye kicheko kizito. Alinisalimia "Mwakeye," nikababaika kama mgeni, mimi niliyezaliwa kilomita chache kutoka pale.

"Miezi mingapi mbele?" nikamwuliza.

"Mbele ya nini, mama?"

"Unataka nilipe ya miezi mingapi?"

"Ulipe ukikaa. Hujakaa utalipaje?" Akamgeukia jirani yake. "Hawa wa Dar wanalipia hata hewa kabla hawajavuta."

Nimelipa mwezi mmoja, nimeweka cherehani. Nimemwambia Iddi ni majaribio ya lile tawi.

17 Juni, Iddi el Haji

Shadia kanipa paja la mbuzi zima. Nimeona ananipaka mafuta kwa sababu ya ile picha ya geti.

24 Juni

Oda mbili. Sketi moja na suruali ya kupunguza kiuno.

30 Juni

Vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Milima ya Kongo ng'ambo haionekani, ziwa linaishia hewani. Oda hakuna.

2 Julai

Nimekokotoa. Kodi ya fremu hapa ni karibu robo ya ile niliyokuwa nalipa Manzese. Nyumba ya vyumba viwili na sebule, elfu themanini. Fungu la nyanya, nusu bei. Lakini kwa majuma matatu nimeingiza elfu kumi na tisa. Nimeandika kwa herufi kubwa: KIGOMA NI RAHISI KWA SABABU HAINA HELA. Nikamsomea Iddi hesabu zangu nikijua atasifu.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Dada, wewe umekuja kuhesabu wateja ziwa likiwa limefungwa. Huku hata kinyozi analia. Ungekuja kuhesabu mwisho wa Agosti."

Esther naye, nilipomlalamikia: "Ziwa likifunguliwa ndiyo wazazi watakumbuka kwamba watoto wamerefuka."

Miaka kumi na tisa ya biashara na sikulifikiria hilo. Nimeifuta ile mistari ya herufi kubwa, lakini kalamu ya wino haifutiki, imebaki imekwaruzwa.

5 Julai

Baba Ikram: "Umeshawaambia?" Bado.

Ikram akachukua simu, akauliza kama shule za huku zina madirisha ya vioo. Nikamjibu zipo zenye vioo. Sijaenda kuangalia.

9 Julai

Leo nimefanya jambo baya kuliko lile la arobaini, na nimelifanya kimya kimya.

Baada ya chai Iddi aliniita sebuleni akafunga mlango wa uani. Alikuwa na daftari la watoto, amelifungua upande wa nyuma.

"Dada, nataka unisaidie jambo, wewe ndiye mwenye kichwa cha hesabu. Nimeamua. Tunahamia Dar."

Nikamwuliza nani na nani.

"Mimi, Shadia na watoto watatu. Miezi mitatu kwa mwaka ziwa linafungwa, dada. Nani Dar anafungiwa barabara miezi mitatu? Nitanunua samaki soko la Feri, nitatembeza na pikipiki. Nimeshapata mtu wa vyumba vya mbele, Leodgar mwenye duka la dawa. Anachukua vyote viwili, laki na ishirini kwa mwezi, na kwa kuwa ni mtumishi wa serikali mstaafu analipa mwaka mzima kwa mkupuo. Milioni moja laki nne na arobaini. Anazileta tarehe 31 Agosti, saa nne asubuhi. Ndiyo mtaji."

Kisha akanisogezea daftari. Aliandika kwa mpangilio, nilimfundisha mwenyewe akiwa darasa la nne: kushoto jina la kitu, kulia bei. Nauli. Chakula. Pikipiki ya mkononi (iliyotumika). Ada. Na mstari wa tano:

Nyumba (kwa dada): 0

Sifuri yenyewe ilikuwa ya mviringo kamili, imezungushiwa mara mbili. Chini yake zikafuata nyanya, mkaa na vitu vingine vidogo.

"Mwanzoni tu," akasema. "Miezi sita, mpaka nisimame. Najua tutakubana. Lakini watoto watalala chini, hawana tabu."

Nilichukua kalamu. Naandika hapa nilichokifanya ili nisiweze kukikana. Nikasahihisha bei ya nyanya. Nikasahihisha bei ya mkaa, nikamwambia gunia la Dar siyo la Kigoma. Nikamwambia pikipiki ya mkononi kwa bei ile ataletewa maiti ya pikipiki, akacheka sana. Nilisahihisha mistari sita. Ule wa tano nikauruka.

"Mungu akuweke, dada," alisema. "Nilikuwa naogopa kukwambia."

10 Julai

Sikwenda dukani. Nimemwambia Shadia kichwa kinauma. Kaniletea uji.

14 Julai

Nimejaribu kumwambia Iddi akiwa anashona nyavu za mtu uani. Nilianza, "Iddi, ile nyumba ya Tabata..." Akaingilia: "Usijali kuhusu nafasi, dada, tumezoea kubanana."

15 Julai

Oda moja. Vumbi.

20 Julai

Najiuliza kwa nini nimekasirika na siyo kuona haya tu. Nimekasirika kwa sababu vile vyumba nilikuwa nimeshavipanga kichwani. Cha kushoto, vyerehani vinne na meza ya kukatia, mlango unafunguka barabarani, kodi hakuna. Cha kulia, mimi na Baba Ikram, pazia, Ikram upande wa pili. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumwambia Iddi kwa mzunguko, kiasi kwamba yeye mwenyewe aseme, "Dada, kwani vyumba vyako si vipo?" Nimekuja kunyang'anya kwa adabu. Sasa Leodgar atapanga humo vidonge vyake na mimi ndiye niliyemlipia nauli Iddi kwa uongo.

22 Julai

Baba Ikram hakuuliza. Alisema tu, "Haya, ukiwaambia utanijulisha." Ile sauti yake ya kurekebisha friji la mtu asiyelipa.

28 Julai

Iddi kasema kesho anamwuzia Nehemia, mkaushaji mwenzake, vichanja vyake.

Kwa atakayesoma bila kujua: kichanja ni meza ya miti iliyotandikwa wavu, dagaa hukaukia juu yake badala ya mchangani, na bei ya dagaa wa kichanja na ya wale wa mchanga hazikaribiani. Iddi ana kumi na viwili, na mahali pake pa kuviweka pale Katonga. Vilimchukua miaka saba. Cha kwanza alikijenga kwa hela niliyomtumia mimi, na hilo huwa anawaambia watu.

"Anatoa ngapi?" nikamwuliza.

"Elfu arobaini kwa kimoja."

"Ni bei ya kuchomea kuni. Ngoja ziwa lifunguliwe."

"Nikingoja nani atanunua pikipiki? Na nikishaviona vimejaa dagaa, dada, sitaondoka. Najijua."

Shadia alikuwa mlangoni na beseni la maandazi. Tangu ziwa lifungwe anakaanga maandazi kuanzia alfajiri, na ndiyo yanayotulisha sote sita. Alisema taratibu, "Mimi ningeomba tubakishe hata viwili."

"Vya nini?" Iddi akamjibu. "Utaviweka Tabata kwenye geti?"

Wakacheka. Nikacheka na mimi. Nilikuwa na usiku mzima na asubuhi yote ya kusema.

29 Julai

Nehemia kalipa laki nne na themanini.

3 Agosti

Oda hakuna. Esther kaniambia nisilipe ya mwezi huu mpaka Septemba. Nimelipa. Sitaki hisani.

7 Agosti

Nimegundua jambo dogo. Tangu nifike, kila nikila samaki, Shadia hali. Anasema tumbo. Ziwa limefungwa, mgebuka mmoja mkavu sokoni ni bei ya kilo ya nyama, na mimi kila Ijumaa nimewekewa mgebuka. Nilidhani ananipaka mafuta. Mtu wa kunipaka mafuta angekula na yeye.

15 Agosti

Ziwa limefunguliwa. Mitumbwi imetoka jioni na taa zake. Iddi hakwenda kuangalia.

17 Agosti

Mwezi unakaribia kujaa. Dagaa hufuata taa, na mbingu ikiwa nyeupe taa ya mvuvi haina kazi. Wanarudi na ndoo tatu nne. Iddi kafurahi: "Umeona? Nimeuza kwa wakati." Shadia akasema, "Huo ni mwezi tu, Baba. Subiri giza." Mimi nikaomba kimoyomoyo mwezi usiishe. Nimeomba watu wa Katonga wakose ili mimi nisione haya. Nimeandika na hilo.

21 Agosti

Oda nne.

24 Agosti

Oda kumi na moja. Mama mmoja kaleta vitambaa vya watoto watano kwa pamoja na kalipa nusu papo hapo. Esther akapitisha kichwa mlangoni: "Nilikwambia nini? Wamerefuka?"

"Wamerefuka."

"Ego," akakubali kwa Kiha chake, akaenda zake, kama mtu aliyethibitishiwa mizani.

26 Agosti

Giza limekuja, na dagaa wamekuja nalo.

Iddi aliniomba nimsindikize Katonga asubuhi, kuna mtu anamdai gunia. Tulifika jua likipanda. Sijapaona mahali pale hivyo tangu nikiwa msichana. Mitumbwi imebanana, wabebaji wanakimbia na beseni kichwani maji yakiwamwagikia mgongoni, mwanamke mmoja anapiga kelele, "Usinipimie kwa macho, nipimie kwa ndoo." Kila kichanja kimefunikwa, vyote vinameremeta. Wasiokuwa navyo wanaanika mchangani huku wanakimbizana na kuku.

Vichanja kumi na viwili vya Iddi viko pale pale vilipokuwa. Nehemia amesimama katikati yake na kofia mpya.

"Iddi, njoo uvisalimie watoto wako," akamwambia. "Jana wamenilipia nusu ya bei yao."

Iddi akacheka, akasema Mungu ambariki. Kisha akainama, akakaza kamba ya wavu iliyolegea kwenye kichanja cha pembeni. Kichanja cha mtu. Akakikaza vizuri, akapapasa fundo, akasimama. Sikuweza tena.

Nikamwambia tusogee. Tukasimama karibu na injini mbovu, nikamwambia, bila salamu na bila utangulizi, kwamba nyumba ya Tabata si yangu, haijawahi kuwa yangu, nilikuwa mpangaji miaka sita, nimetolewa tarehe 31 Mei, na mume wangu na mtoto wangu wanalala Mbagala kwenye chumba cha watu.

Iddi aligeukia majini.

"Tangu lini unajua mimi naondoka?"

"Tangu uliponiambia. Tarehe tisa Julai."

"Ulisahihisha nyanya," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza kwa sababu wewe ndiye unayejua." Hakupandisha sauti. "Mtu mwingine ningemkagua. Wewe sikukukagua."

Tukarudi kila mtu na bodaboda yake.

27 Agosti

Shadia aliitoa picha ukutani mwenyewe. Hakuivunja. Aliifuta vumbi kwa kanga, akaiweka juu ya meza mbele yangu, akakaa.

"Hili geti la nani, wifi?"

"La mwenye nyumba. Yuko Masaki."

"Kwa hiyo maneno ya arobaini uliyasema ukiwa mpangaji."

"Ndiyo."

"Siku ile mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la wali. Wanawake wote wakanitazama. Uliposema hutambana mtu, walijua nani anayesemwa."

"Nilikuona unapima ukuta asubuhi ile," nikasema. Hata sasa nilikuwa najitetea.

"Nilikuwa natafuta pa kutundika chandarua. Shangazi zako wanane walikuwa wanakuja kulala." Akavuta pumzi. "Na ungejua, wifi, baba mkwe alikaa hospitali siku ishirini na tatu. Wewe ulituma laki mbili. Ilitosha siku sita. Kwa siku zilizobaki niliuza hereni na bangili za mahari yangu. Iddi aliona haya kukwambia, wewe mwenye nyumba Dar, kwamba hela yako haikutosha. Kwa hiyo ulipoachia vile vyumba, wewe umesharudi Dar, akanipa mimi mbele ya sheikh, badala ya dhahabu. Ndiyo maana dagaa zangu zinakaa humo. Unalala kwenye bangili zangu."

Mimi mtu wa hesabu, laki mbili na siku ishirini na tatu sikuwahi kuziweka kwenye mstari mmoja.

Akainuka kwenda kuangalia mafuta ya maandazi. Mlangoni akageuka. "Chakula kipo. Usije ukaacha kula ili nikuonee huruma."

28 Agosti

Nimemwambia Baba Ikram kwa simu, yote. Akauliza vichanja ni kiasi gani sasa. Kisha akasema, "Friji zinaharibika hata Kigoma. Mimi nitakuja, Januari, majibu ya Ikram yakishatoka. Lakini nataka mahali ambapo mtu akiuliza hapa ni pa nani, tunajibu sote jibu moja."

Nikaenda kwa Iddi, yuko uani na nyavu za watu. Nikamwuliza kuhusu vyumba. Hakuinua kichwa.

"Muulize mwenye vyumba."

29 Agosti

Ukurasa huu nitauchana na kuuweka chini ya beseni la maandazi, maana nikikaa mbele yako nitaanza tena kujitetea.

Wifi Shadia,

Sidai urithi. Nilichokitoa mbele ya watu sitini sikirudii. Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Hilo nitakuja kulisema mbele ya wale wanawake waliokutazama, utachagua siku wewe na nitapika mimi. Hapa naandika biashara, kwa sababu ndiyo lugha ninayoiweza bila kudanganya, ukiacha mstari mmoja.

Nimebakiwa na milioni mbili na laki saba. Nimeonana na Nehemia leo asubuhi. Vichanja anavirudisha kwa elfu themanini kimoja, vyote kumi na viwili, laki tisa na sitini. Amekubali kungoja mpaka Jumamosi mchana. Hivyo navilipia mimi hata ukinikataa, ni deni langu kwa Iddi, usiviingize kwenye kufikiri kwako.

Vyumba vyako viwili nataka kuvipanga, kwa bei ile ile ya Leodgar, laki na ishirini, mwaka mzima mkononi mwako, siyo mwa Iddi. Milioni moja laki nne na arobaini. Kimoja cha kushonea, kimoja cha kulala. Fremu ya Esther nitairudisha. Mimi nitabaki na laki tatu na vyerehani vinne, na nilianza na pungufu ya hapo. Dagaa zako nitazijengea kibanda uani kabla hujatoa gunia la kwanza. Tutaandikiana mkataba, na mtu akiniuliza nyumba ni ya nani nitasema ni ya wifi yangu, mimi ni mpangaji. Nimeshajizoeza kulitamka. Jana nimelitamka kwa Esther, akasema, "Sasa hilo nalo ni la kunong'ona?"

Najua Leodgar analipa sawasawa na hana maneno. Najua kwamba mimi nikiwa humo utanisikia nikikohoa kila siku, na utakumbuka. Ukiona hilo ni ghali kuliko hela yangu, sema. Nitafunga mizigo, nitapanga kwingine mjini, na shikamoo ya Iddi nitaipokea barabarani.

Lakini usinijibu kwa kuniwekea mgebuka. Usimtume Iddi, wala usiniambie 'utakavyo wewe'. Leodgar anakuja Jumamosi tarehe 31, saa nne asubuhi, saa ile ile niliyotolewa Tabata, miezi mitatu kamili. Nitakuwa nimekaa kwenye ngazi ya mbele kuanzia saa tatu, na hela ziko kwenye bahasha. Kabla gari lake halijasimama nataka kusikia neno moja kwa mdomo wako mwenyewe: utanipangisha, au hunipangishi?